Samaki Chini ya Mgomba wa Kaku

Ngalula wangu,

Umekwenda na baba yako mdogo Kabeya kuhakikisha kwamba majina yenu yamo kwenye orodha ya treni ya kesho. Mimi nimebaki hapa hemani, nimekaa juu ya kasha letu la samaki, daftari lako la shule magotini. Foleni ile naijua, haitawaachia kabla jua halijashuka. Nisipoandika sasa sitaandika tena, maana kesho nitakuwa nalia, na mimi nikilia siwezi hata kufunga kamba ya kiatu.

Utacheka ukiona mama yako anaandika Kiswahili cha kitabu. Ndicho Sista alichotufundisha sisi wake wa wafanyakazi wa reli, katikati ya masomo ya kushona na masomo ya kuogesha watoto ambao tulikuwa tumeshawaogesha miaka mingi. Mdomo wangu ni wa sokoni, lakini kalamu yangu imebatizwa.

Habari za blanketi na dawa za homa sitaandika. Nimezisema tangu juzi mpaka umeanza kuzimalizia wewe kabla sijafika mwisho. Nataka kukuandikia juu ya jambo moja linalonikwama kooni kama mwiba: huku kurudi kunakosemwa na kila mtu. Na juu ya kosa langu moja. Kosa hilo utalikuta kule Kasai, kijijini Ngandajika, nyuma ya nyumba ya kaku yako, mama yake baba yako. Lina majani mapana, na pengine lina mkungu.

Unakumbuka siku vijana walipokuja mtaani kwetu. Tangu Katanga hii ijitenge na Kongo tulikuwa tunasikia wanapita mitaa mingine, tukajidanganya kwamba wa kwetu watatuonea haya. Kiongozi wao alipiga mlango kwa rungu: "Bakasai, murudie kwenu!" Ukatoka na nywele nusu zimesukwa, kitana bado kimesimama kichwani, ukawauliza: "Kwetu wapi? Mi nilizaliwa hapa. Nirudie wapi kwenye sijatokaka?" Mtoto wa jirani yetu, ambaye kila Ijumaa nilikuwa namwekea kichwa cha samaki, alikuwa katikati yao na aliangalia chini. Nilijivunia swali lako siku ile, na bado najivunia, ingawa swali zuri halizuii kiberiti. Nyumba ikaungua, tukakimbilia hapa kambini kwa askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za buluu, na sasa jina lako limeandikwa kwenye karatasi ya watu wanaorudishwa kwao.

Baba yako, Mutombo, alitamani kurudi kwao maisha yake yote, naye amelala kwenye makaburi ya mji huu. Wewe hukutamani, ndiye unayerudishwa. Nikilifikiria hilo nashikwa na hasira. Hasira hiyo si juu ya wale vijana peke yao. Sehemu kubwa ni juu yangu mwenyewe, na sasa nakuambia kwa nini.

Kitovu chako kilianguka siku ya sita. Siku ya nane ikafika barua ya kaku: kitovu cha mtoto kiletwe nyumbani, kizikwe, juu yake upandwe mgomba, ili mtoto awe na kwao hata kama amezaliwa mjini. Baba yako alifurahi kama mtu aliyepewa mtoto mara ya pili. Kabeya wakati ule alikuwa mtumishi wa treni, anakwenda Kasai na kurudi kila mwezi. Yeye ndiye angekipeleka.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini, maziwa yananiuma, na nilikuwa mtu wa Kasenga. Kwetu kwenye mto Luapula mtoto ni wa mama na wa kaka yake mama; baba ni mgeni mzuri, anapendwa, anapewa kiti. Kwa watu wa baba yako mtoto ni wa baba, na mama ni mlango aliopitia tu. Hakuna aliyenifafanulia tofauti hiyo kabla sijaolewa. Nilijifafanulia mwenyewe siku ile, na nilijifafanulia vibaya: leo wanachukua kitovu, kesho watachukua mtoto.

Kwa hiyo nilimpa Kabeya kitu kingine. Katika kasha hili hili ninalolikalia nilichagua kipande cha samaki mkavu, sehemu ya mkia, kidogo, kimejikunja vizuri kabisa. Nikakifunga kwenye kitambaa cheupe, nikazungusha uzi mara tatu, nikampa baba yako. Yeye akakipokea kwa mikono miwili. Mikono miwili, Ngalula. Akampa mdogo wake, Kabeya akakitia mfuko wa ndani wa koti la kazi, treni ikaondoka.

Cheka kama unataka. Mimi nilicheka wiki nzima, peke yangu, nikikunyonyesha.

Kicheko kiliisha ilipofika barua. Kaku amezika, amepanda, wazee wamekunywa, jina lako limetajwa. Baada ya hapo kila mwaka barua moja: mgomba wa Ngalula umetoa mkungu, mgomba wa Ngalula umetoa machipukizi matano, jirani ameomba chipukizi moja. Haujapata kuonekana mgomba wenye nguvu namna ile. Baba yako alikuwa anasoma kwa sauti na kukurusha juu: "Mwanangu, haujatembea bado, unalisha kijiji!" Mimi nilikuwa naangalia sufuria. Kama mfanyabiashara wa samaki, najua kilichoupa mgomba ule nguvu.

Kosa langu lenyewe si samaki. Kuwa na miaka ishirini na kuogopa kunyang'anywa mtoto, hilo hata Mungu analielewa. Kosa ni yaliyofuata. Likizo yake ya kwanza, baba yako alisema twende Kasai, kaku amwone mtoto. Nikasema mtoto ana homa. Likizo ya pili nikasema njia ya Kasomeno imefunguka, nisipokwenda sasa kuchukua samaki, wanawake wengine watachukua wateja wangu. Ya tatu sikutafuta hata sababu, niligombana naye tu juu ya kitu kingine, nadhani chumvi. Nilikuwa naona picha moja kichwani: yule mama amenishika mkono, ananipeleka nyuma ya nyumba, ananionyesha mgomba, na mimi natakiwa kushukuru. Nisingeweza. Na baba yako hakuwa mtu wa kwenda peke yake na kuacha mke na mtoto nyuma. Alikuwa anarudisha sanduku juu ya kabati na kusema mwaka kesho.

Likizo ya nne alisema jambo kubwa zaidi: akimaliza kazi ya reli tutahamia Kasai moja kwa moja. "Tutarudia kwetu," alisema. Nikamwuliza, kwetu nani? Kesho yake nikakubeba mgongoni, nikapanda lori la samaki lililokuwa linarudi tupu, nikaenda kwa mama yangu Kasenga. Ulikuwa na miaka minne. Hukumbuki ila yule bata aliyekuuma.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu kuhusu kurudi, na nakuandikia kwa sababu kesho utakihitaji. Nilikwenda nikitaka kuwa tena binti wa nyumba ile. Nilitaka mkeka wangu, mchi wangu, mahali pangu pa kufulia mtoni. Mama alinipa kiti. Kile kizuri, cha wageni. Mchi wangu ulikuwa mikononi mwa mdogo wangu na ulikuwa umechakaa upande wa mkono wake. Mahali pa kufulia mto ulikuwa umepameza. Nikakaa miezi saba nikijaribu kujilainisha nirudie nilivyokuwa. Samaki mkavu ukimloweka anavimba, analainika, anakuwa mtamu sana, lakini hataogelea. Mwishowe mama yangu, ambaye unajua ulimi wake, akaniambia: "Mwanangu, hukurudi. Ulikuja kututembelea, ila umechelewa kuondoka."

Nililia siku ile. Halafu nikapanda lori.

Baba yako nilimkuta nje, amechuchumaa mbele ya makaa ya mbabula, anapika ugali, bukari yenye madonge kama mawe ya reli. Niliandaa maneno njia nzima kutoka Kasenga. Yeye hakuniuliza nimetoka wapi wala kwa nini. Aliinua uso, macho mekundu kwa moshi, akasema: "Mama Ngalula, ile mwiko iko wapi? Minaitafuta tangu mwezi ya tatu." Mwiko ulikuwa unaning'inia nyuma ya mlango, pale pale ulipokuwa siku zote. Mwanaume yule alikuwa anasonga bukari kwa kijiko cha chai.

Watu walisema tumerudiana. Waliona tunakaa nyumba ile ile wakafikiri ni mambo yale yale. Haikuwa hivyo. Yeye alianza kuniuliza kabla ya kuamua, na mimi nikaanza kujibu kabla ya kukasirika. Ile ndoa ya kwanza haikurudi, na sikuililia. Lakini la samaki sikumwambia. Ningeweza kusema jioni ile ile, mbele ya bukari yake mbaya. Alikuwa tayari kusamehe chochote. Nikajiambia, nyumba imetulia, kwa nini niitikise. Siku nzuri ya kusema jambo gumu ni ile ambayo hutaki kuiharibu. Mimi niliiacha ipite, na haikuja nyingine.

Wewe mwenyewe ulimwona alivyoanza kukohoa. Daktari alisema atarudia hali yake, tukalishika neno hilo kama kamba. Nilimpikia, nikamkanda, nikamwogesha. Juma lake la mwisho ulikuwa shuleni, akanishika mkono akasema: "Nikipata nguvu, twende basi tukaone ile mugomba ya mutoto." Nikasema ndiyo. Ngalula, nilisema ndiyo kwa sababu nilijua hatapata nguvu. Sijamwambia mtu jambo hilo, hata padri.

Alikufa hajamwona mama yake tangu kabla hujazaliwa. Mkia wa samaki ndio uliomzuia.

Sasa unaelewa kwa nini juzi nilikukasirikia vile. Yama wako Mwape, kaka yangu, alipokuja na lori lake akasema maneno ya kwetu, mimi niliona ni mlango wa mbinguni. "Kwetu mutoto iko wa mama," alisema. "Kule Kasenga hakuna mutu atamuuliza baba yake njo nani. Aseme tu anaitwa Mwape, anapanda, tunaenda." Hivyo ndivyo nilivyokuwa nataka tangu siku ya nane ya maisha yako! Nikaanza kufunga vitu. Wewe ukasimama ukamwambia kwa heshima: "Yama, minakushukuru sana. Lakini nikisema mi siko wa papa, nani atabakia wa papa?" Nikakuita mkaidi. Nikakuita jina jingine ambalo sitaliandika kwa kalamu iliyobatizwa. Nisamehe. Hukuwa mkaidi. Ulikuwa unafanya kwa siku moja kile ambacho mimi nilikikwepa maisha yako yote.

Utajiuliza pia kwa nini sipandi treni na wewe. Nimekuambia ni kwa sababu ya nyanya yako wa Kasenga, ambaye macho yake yamezimika na hana mtu wa kukaa naye. Hiyo ni kweli, na kesho Mwape ananipeleka kwake. Lakini hata angekuwa na macho ya mwewe, ningetafuta sababu nyingine. Naliogopa shamba lile la migomba kuliko bunduki.

Nilikuwa naliogopa, niandike hivyo. Maana jana kuna kitu kimetokea.

Ulikuwa umekwenda kuteka maji. Nikamwita Kabeya, nikamwambia: wewe ndiye unayempeleka mtoto, lazima ujue unampeleka mbele ya uongo. Nikamweleza yote, kitambaa, uzi, mkia. Aliniacha nimalize. Halafu akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia.

"Mama Ngalula," akasema, "mi nilijua tangu Kamina. Paka ya stesheni yote ilinifuata."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema alitaka kukitupa dirishani, akaogopa kufika kwa mama yake mikono mitupu, akampa vile vile. "Kaku alifungua mbele yangu. Akanusa. Akacheka mupaka machozi ikatoka. Njo akasema: ule mwanamuke anaogopa tutamunyang'anya mutoto. Hata mi niliogopaka hivi. Tupande tu. Siku mutoto atakuya na miguu yake, ile njo itakuwa kitovu."

Na kaku akamkataza Kabeya asiseme, wala kwangu wala kwa baba yako, kwa sababu mkwe akiona haya hatafika kamwe.

Kumi na minane, Ngalula. Miaka kumi na minane mimi najificha, na yule mama amejua, ameniandikia kila mwaka habari za mgomba, kila barua ananifungulia mlango na mimi naangalia sufuria. Nilidhani ananidai shukrani. Alikuwa ananiambia njoo. Nilikaa chini hapa hapa nikalia, wewe ukarudi na ndoo ukaniuliza nani amekufa, nikakujibu kwamba ni moshi.

Sijui niite nini hali hii. Siwezi kurudi kuwa yule binti wa miaka ishirini nikampa Kabeya kitambaa cha kweli. Siwezi kumrudisha Mutombo juu ya ile treni. Kuna vitu vinarudi, homa, mvua, hamu ya kula, hata mapenzi; na kuna vitu ambavyo mtu anavipata upya au havipati kabisa. Kule watakusalimu, "Umerudi!" nawe hujawahi kukanyaga pale. Usiwakatalie. Wamekungojea tangu kabla hujaota meno, na kwao mtu anayengojewa akifika amerudi. Wengine, tena labda jioni ile ile, watakuita Mkatanga na kukucheka kwa Kiluba chako kilichojaa Kiswahili. Waache wacheke, kinachekesha kweli. Baba yako alikuwa anakwenda chumbani kukichekea.

Usijaribu tu kuwa mtu wao wa zamani, kwa sababu hukuwa. Ukipewa kiti cha wageni, kikalie. Siku watakayokuambia uinuke ukawasaidie kutwanga, hapo umefika.

Kuhusu ule mgomba: si ule uliopandwa. Mgomba ukishazaa hukatwa, na chipukizi lake husimama mahali pake. Utakaouona ni mjukuu wa vitukuu, na kaku anauita bado kwa jina lako.

Limebaki moja. Kitovu chenyewe sikukizika popote. Nilitaka Mwape akipeleke Kasenga, nikashindwa. Baba yako angelala karibu yangu kila siku na mimi nimemwibia mara mbili. Nikakishona kwenye pindo la kitenge changu cha kijani, kile cha ndege wadogo. Nyumba ilipokuwa inaungua uliniuliza kwa nini naacha cherehani na kukimbilia kitenge kikuukuu. Sasa umejua. Jana nimekukunjia kitenge hicho ndani ya blanketi lako. Kona ya kushoto, mahali ambapo uzi ni mweusi badala ya kijani. Papase, utaona kitu kigumu kama punje ya hindi.

Ni chako. Mimi nilikishika miaka kumi na minane bila kukuuliza, na kaku alikidai bila kukuuliza. Ukitaka kukizika Ngandajika, zika. Ukitaka kukileta Kasenga siku moja, nitakushikia jembe. Ukitaka kuja kukizika hapa mjini, kwenye makaburi, pembeni ya baba yako, mambo yatulie kwanza, halafu tuje wote wawili. Ukitaka kubaki nacho kwenye pindo, najua kwamba hakina uzito.

Nami nitakuja kwa kaku. Sisemi nitarudi, sijawahi kufika. Nyanya yako akiniruhusu na njia ikifunguka, nitakuja na kikapu kizima, ili mara hii paka wa stesheni wanifuate mimi mwenyewe. Ukifika mbele yake, kabla hajakupeleka nyuma ya nyumba, mpigie magoti, mwambie mkwe wake anaomba radhi kwa ajili ya Mutombo. Sema hivyo, kwa ajili ya Mutombo, ataelewa. Na akianza kulia, mwambie ule mkia wa samaki ulikuwa wa Kasenga, samaki mzima, mnene, wa kuuzwa kwa wakubwa. Niliogopa, lakini sikumtumia kibaya.

Nawaona mnakuja. Kabeya amebeba karatasi juu ya kichwa kama mtu aliyeshinda. Nafunga daftari.

Mama yako